Jibu: Shoka la zamani lina kutu, nilipige grainda?

Mkuu, grainda iweke kando kabisa. Kutu haijaliua hilo shoka, lakini joto la grainda litaliua: ukiona makali yamegeuka buluu, ujue chuma kimeshalainika, hakitashika makali tena.

Ng'oa mpini, zamisha kichwa kwenye siki nyeupe kama saa 24, kisha sugua kwa brashi ya waya. Usizidishe. Langu nililisahau siku tatu, likatoka na vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Suuza kwa maji ya magadi, kausha palepale, paka mafuta, la sivyo kutu inarudi ukiitazama.

Kunoa ni kwa tupa, halafu kinoo. Kwenye mpini mpya, angalia nyuzi za mti zifuate urefu wake, zikikatiza, mpini utavunjika.