Minazi Yangu Inadhoofika: Ni Mdudu au Ni Ugonjwa?

SWALI: Ndugu mshauri wa bustani, nina minazi mitano nyuma ya nyumba. Mitatu bado ni michanga, na makuti yake mapya yanafunguka yakiwa yamekatwa kama kwa mkasi. Mmoja wa ile mikubwa umeanza kupukutisha vidaka (nazi changa kabisa) na hata madafu, na makuti yake ya chini yamegeuka rangi ya njano. Jirani amenishauri nimwage mafuta machafu ya gari kileleni mwa minazi yote ili kuua wadudu. Je, nifanye hivyo? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usimwage mafuta hayo. Mnazi hukua kutoka kilele kimoja tu, wala hauchipui upya pembeni kama mwembe. Kilele kikiungua, mti umekufa, hata kama mdudu naye amekufa. Isitoshe, kwa maelezo yako naona matatizo mawili yasiyofanana, na dawa ya moja haitausaidia mti wenye jingine.

Ile minazi michanga imeshambuliwa na chonga, mbawakavu mkubwa mweusi mwenye pembe kichwani, ambaye huruka usiku na kujitobolea njia katikati ya kilele, kwenye makuti ambayo bado yamekunjana. Kwa kuwa huyatafuna yakiwa yamekunjwa, kuti likija kufunguka baadaye huwa na mapengo ya pembetatu yanayolingana kulia na kushoto. Basi kuti lililokatwa linaonyesha tu kwamba chonga alipita. Kama yumo hadi sasa, utajua kwa kutafuta tundu kwenye vikonyo vya makuti machanga, likiwa na nyuzinyuzi mbichi zilizotafunwa zinazotokeza nje. Ukiliona, ingiza waya mgumu wenye ncha iliyopindwa mfano wa ndoana, umchomoe taratibu bila kuchokonoa moyo wa mnazi. Kisha jaza kwenye makwapa ya makuti ya juu mchanga mkavu uliochanganywa na unga wa mbegu za mwarobaini, na urudie kila mvua inapouosha.

Hata hivyo, kumchomoa mmoja mmoja hakutoshi, kwa sababu chonga hazaliani ndani ya mnazi ulio hai. Hutaga mayai kwenye magogo ya minazi yanayooza, kwenye visiki na kwenye marundo ya samadi, na funza wake wanene weupe hukaa humo kwa miezi kadhaa wakila. Kagua ua wako wote. Gogo lililolazwa kando ya uzio lipasuliwe na kuchomwa, kisiki king'olewe au kifukiwe vizuri, na samadi igeuzwe mara kwa mara ili kuku wawadonoe hao funza. Zungumza pia na huyo jirani, maana gogo lililoozea kwake litakuletea chonga wapya hata kama kwako pamesafishwa.

Kuhusu mnazi mkubwa, nina wasiwasi zaidi, lakini usiukate kabla ya kuthibitisha. Mwombe mkwezi akushushie karara, yaani ganda linalofunika maua ya mnazi, ambalo halijafunguka, ulipasue. Likiwa na maua meupe ya maziwa yasiyo na doa, huenda mti una kiu au umepungukiwa na mbolea. Ncha za maua zikiwa zimeoza na kuwa nyeusi, huku nazi za kila umri zikianguka na unjano ukipanda kutoka makuti ya chini, basi ni ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao unasababishwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi katika mishipa ya kusafirishia chakula cha mti. Hakuna dawa inayouponya, na mti hufa ndani ya miezi michache hadi kubaki nguzo tupu. Hapo ukate mapema na uteketeze shina lote, kwa kuwa mnazi uliokufa ndio kitalu kizuri kuliko vyote cha chonga. Vidaka navyo vitazame: vikiwa na makovu yaliyobonyea yanayotoa utomvu, aliyevidondosha ni kunguni wa minazi, ambaye adui yake mkubwa ni chungu wa maji moto, aina ya sisimizi. Ukiwaona chungu hao kwenye mti, waache, japo wanauma.

SWALI: Mtende wangu unatoa maji ya kahawia yenye harufu mbaya karibu na chini ya shina. Je, ni maji mengi ya kumwagilia? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Hapana, hizo ni dalili za fukusi mwekundu wa mitende, mdudu mwenye asili ya Asia ambaye sasa ameenea Oman na nchi zote za Ghuba. Jike hutaga kwenye majeraha, na funza hula shina kwa ndani huku makuti yakiwa bado ya kijani, kwa hiyo kila siku unayongoja inapunguza uwezekano wa kuuokoa mti. Ita maofisa wa kilimo wa eneo lako leo, kwa kuwa kuweka dawa ndani ya shina kunataka vifaa na ujuzi. Wakati ukiwasubiri, usikate makuti mabichi, na usimpe mtu yeyote machipukizi ya mtende huo, hata kama yanaonekana mazima, kwa sababu funza husafiri ndani yake hadi bustani nyingine.