Bakshishi ya Harusi: Apewe Nani, Lini, na kwa Mkono wa Nani?

SWALI: Mhariri, salamu. Imebaki miezi miwili nifunge ndoa, na tumekwisha kutia saini mikataba na mpiga picha, mshereheshaji, mpambaji wa ukumbi, kampuni ya chakula, dereva na msusi. Shoga yangu aliyeolewa mwaka jana ananiambia kwamba kila mmoja wao hutarajia bakshishi na asiyepewa huondoka na kinyongo. Mama mkwe wangu mtarajiwa, kwa upande wake, anasema hao ni wafanyabiashara waliokwisha kulipwa, na kuwaongezea ni kutapanya fedha. Bajeti yetu imebana. Nimsikilize nani? – Bi Harusi Mtarajiwa

JIBU: Kabla ya kumsikiliza yeyote kati yao, toa mikataba yako uisome upya ukitafuta maneno mawili: “ada ya huduma”. Kampuni nyingi za chakula na kumbi huongeza ada hiyo kwa asilimia fulani ya ankara, na maharusi wengi huilipa wakiamini ndiyo bakshishi ya wahudumu, ilhali mara nyingine ni pato la kampuni tu. Waandikie mapema uwaulize kama fedha hizo hugawiwa wafanyakazi au hubaki ofisini. Wakijibu kwamba hugawiwa, umekwisha kutoa bakshishi. Usitoe mara mbili kwa kuona haya.

Baada ya hapo, tenganisha aliyejipangia bei na aliyepangiwa ujira. Mpiga picha mwenye biashara yake, au mpambaji anayemiliki vitambaa na viti, alipokutajia bei alikwisha kuhesabu jasho lake humo, na hapo mama mkwe wako amesema kweli. Lakini kijana anayebeba taa za mpiga picha, wahudumu wa meza, waosha vyombo na dereva aliyeajiriwa hawakuulizwa bei ya harusi yako. Kama fungu ni dogo, lielekee kwao, na hao wenye biashara uwashukuru kwa njia nyingine: maandishi ya sifa yanayotaja hasa walichofanya, pamoja na ruhusa ya kuonyesha picha za kazi yao, huwaletea wateja. Sifa hizohizo, hata hivyo, hazilipi nauli ya mhudumu anayerudi kwake usiku wa manane.

Kuhusu kinyongo, naomba nitofautiane kidogo na shoga yako. Kinachowaudhi watoa huduma si kukosa bahasha, bali ni salio linalocheleweshwa, kushindishwa na njaa kutwa nzima huku wakipigwa na harufu ya chakula, na saa za kazi zinazorefushwa kimyakimya. Mpiga picha mliyepatana afanye kazi kwa muda wa saa 8 akasimama kwa saa 10 anakudai malipo ya saa 2 za ziada. Hilo ni deni, wala usilivike nguo za bakshishi.

Kiasi gani? Wapo watakaokushauri uchukue asilimia ya ankara, kama inavyofanyika katika baadhi ya mikahawa. Kwa harusi yenye wageni mamia, hesabu hiyo itakutisha bila sababu. Ni afadhali uanze na kile mnachoweza kukitoa bila kukopa, kisha mkigawe kwa vichwa: wahudumu 12, wasaidizi 2 na dereva 1 ni bahasha 15. Kila bahasha iandikwe jina au kazi ya mpokeaji na ifungwe wiki moja kabla, kwa kuwa siku yenyewe hutakuwa na mkono wa kuhesabu noti.

Jambo hili la bahasha nimelijua kwa kuumbuka. Katika harusi ya dada yangu mimi ndiye niliyekabidhiwa fedha za shukrani, nami, kwa haraka ya kurudi kwenye ngoma, nikatia zote katika bahasha moja nono na kumpa msimamizi wa wahudumu. Nilipotoka nyuma ya jiko kutafuta masufuria yetu nikawakuta wanawake watatu wakisugua sahani, mikono ya nguo imelowa hadi viwikoni, na mmoja akaniuliza kwa upole kama bibi harusi ameridhika na kazi. Hawakuwa wameona hata sarafu, na msimamizi alikuwa amekwisha kuondoka.

Kwa hiyo mteue ndugu mtulivu asiyependa kucheza, ampe kila mtu mkononi mwake anapomaliza kazi. Msusi na dereva huondoka mapema, basi bahasha zao zitangulie. Kwa kiongozi wa dini, uliza kama sadaka hupelekwa kwenye nyumba ya ibada. Ofisa wa serikali anayesajili ndoa usimpe chochote zaidi ya ada iliyo kwenye stakabadhi, kwa sababu mbele yake bakshishi hubadilika jina ikawa hongo.

SWALI: Wiki mbili baada ya harusi, mpiga picha anasema hatatukabidhi picha mpaka tumpe “bakshishi ya kawaida”. Salio tulikwisha kulilipa. Tufanyeje? – Mume Mpya

JIBU: Bakshishi inayodaiwa si bakshishi. Mwandikie kwa adabu akuonyeshe kifungu cha mkataba kinachoitaja, na umkumbushe tarehe ya makabidhiano. Huenda anadai saa za ziada na ameona aibu kusema hivyo; kama ndivyo, alete ankara inayozitaja, nanyi mlipe. Asipokuwa na ankara wala kifungu, msilipe, na mtunze kila ujumbe.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa sherehe. Msimamizi wetu hupokea bahasha kwa niaba yetu, na hatujui kilichomo. Je, ni utovu wa adabu kuuliza? – Mbeba Sinia

JIBU: Si utovu wa adabu hata kidogo. Ulizeni mkiwa wengi, kabla ya sherehe na si usiku wa kugawana, na mwombe bahasha ifunguliwe mbele ya wahudumu wawili. Msimamizi mwaminifu atafurahi kuondolewa shaka. Akikataa, mfikishieni mwenye kampuni suala hilo kwa maandishi, kwa kuwa katika nchi kadhaa sheria za kazi humzuia mwajiri kuzuia bakshishi za wafanyakazi, na ofisi ya kazi iliyo karibu nanyi itawaeleza kama yenu ni mojawapo.