Minofu ya sangara kwa sosi ya nyanya ya Kimeksiko: maji yanatoka wapi?

Dada, umeuliza kwa nini minofu yako ya sangara uliyooka kwa sosi ya nyanya ya Kimeksiko imetoka ikiogelea kwenye maji, tena haina ladha. Pole, yalinikuta hayo hayo. Niliwaalika wakwe hapa Kirumba, nikafungua trei mbele yao: nyanya juu, maji ya pinki chini, samaki amemeguka-meguka. Mama mkwe alikula kimya kimya mpaka akamaliza. Iliniuma sana. Nimekirudia chakula kile mara nyingi tangu siku hiyo, na kila kilipoharibika, chanzo kilikuwa maji.

Anza na samaki. Minofu iliyoganda ukiiyeyusha kwa maji ya moto hulegea na kuchuruzika. Ilaze kwenye friji usiku kucha, ndani ya chujio lenye bakuli chini, asubuhi uone maji yaliyojaa humo. Mimi siku hizi nanunua sangara mbichi asubuhi, mashavu bado mekundu, ukimbonyeza nyama inarudi, halafu naomba nitolewe minofu ya mgongoni. Ya tumboni ina mafuta mengi, hiyo iache kwa kukaanga. Paka chumvi na ndimu dakika kumi na tano, usizidishe, kisha kausha kila upande kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisilowe tena.

Sasa sosi, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunasaga nyanya mbichi, tunamwagia samaki, tunasukuma ndani. Sosi nyingi za Meksiko huanza kwa kuchoma nyanya kwenye bamba la moto wanaloliita comal. Kikaango cha chapati kinatosha kabisa, kikavu, bila tone la mafuta. Geuza nyanya mpaka ganda lipate madoa meusi na kupasuka, ndipo uziponde. Kwa kilo ya minofu natumia nyanya nane kubwa. Kaanga vitunguu na kitunguu saumu, mimina nyanya, acha mfuniko wazi, uwe na subira. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia ikijifunga hapo hapo, bado. Njia ikibaki wazi na mafuta yakajitenga pembeni, imekubali. Kwangu huchukua kama nusu saa.

Ladha nayo. Samaki wa namna hii anasifika sana bandari ya Veracruz. Nyanya na pilipili wenyeji walikuwa nazo tangu zamani. Zeituni na keperi, vile vitumba vya maua vilivyolowekwa kwenye chumvi, zililetwa na Wahispania, ambao walitua pwani ile mwaka 1519. Kwa hiyo sosi ile lazima iwe na uchachu na chumvi inayosikika. Zeituni za kijani zipo supamaketi. Keperi sizipati, naweka kijiko cha achari ya ndimu iliyokatwa ndogo ndogo, na kwa kweli naipenda hivyo. Pilipili mbuzi weka moja, nzima, isipasuke, ikupe harufu tu.

Tandaza nusu ya sosi, panga minofu bila kubananisha, funika kwa iliyobaki. Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 200. Mnofu mnene wa vidole viwili unataka kama dakika kumi na tano hadi ishirini. Chomeka uma, ukiona nyama inaachia mapande meupe, toa. Sato ni mwembamba, mchungulie mapema, dakika ya nane hivi.

Kama huna oveni, sufuria nzito inafanya kazi ile ile: mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Ila mfuniko wa sufuria hurudisha mvuke, hivyo sosi yako ikaushe zaidi kidogo kuliko ya oveni. Ikishaiva, iache itulie dakika tano kabla ya kupakua. Sisi tunakula na ugali wa moto.