Kabla hujapanda mtumbwi kufuata njia ya babu, muulize bibi "maji matatu" maana yake nini

Tangu turudi kutoka Rufiji sina raha, kila mtu hapa Mbagala ambaye babu yake katokea kule akinikuta dukani ananisimamisha, na yeye anataka aende kwa mtumbwi, kwa hiyo naandika hapa mara moja niwe nawatumia linki tu.

Tulishuka mto Rufiji kutoka Utete mpaka Nyamisati kule delta, mtumbwi wa kuchonga, mimi na baba mdogo na mzee mmoja wa upondo (ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi) ambaye ndo mwenye chombo. Babu na bibi walipita njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 50, wameoana juzi juzi, wakashuka kwenda kufungua shamba la mpunga delta, wakaishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti cha kulindia shamba, msimu mzima wanafukuza ndege na nguruwe. Baadae babu akawa anapakia boriti kwenye jahazi anazileta Dar na upepo wa kusi, anarudi na kaskazi. Nyumba ya Temeke tuliyokulia boriti zake ni mikoko aliyoileta mwenyewe, mpaka leo msumari hauingii.

Sasa kosa letu la kwanza tulilifanya tukiwa bado sebuleni. Tulimrekodi bibi kwenye simu, akasema "Utete mpaka mnaanza kuona mikoko siku tatu, kutoka hapo maji matatu mmefika." Sisi wasomi tukaandika: mito mitatu. Nikakaa na ramani ya Google usiku kucha natafuta ni mikono ipi mitatu ya mto, na kwa vile delta ile imejaa vijito kama mishipa nikaipata kweli, nikaichora na rangi nyekundu, nikaprinti na karatasi nikaipiga laminesheni. Hakuna aliyerudi kumuuliza bibi. Yuko chumba cha pili!

Nitarudi hapo.

Muda wa kwenda, nenda kiangazi, mwezi wa 7 mpaka wa 9. Masika usijaribu, aprili 2024 wote tuliona mafuriko ya Rufiji na Kibiti yalivyofanya, watu wanapita na mitumbwi juu ya mashamba. Na usibebe kalenda ya wazee kama ilivyo, mzee wa upondo anasema tangu bwawa la Nyerere lianze kujazwa, mwisho wa 2022, mto hauji tena kwa tarehe alizozizoea, kwa hiyo hali ya maji unaulizia wiki hiyo hiyo kwa wanaovuka kila siku. Kabla ya kuondoka mkaripoti kwa mtendaji, mkisema mnakwenda wapi na mko wangapi, msione ni usumbufu, wageni watatu kwenye mtumbwi na kamera watu lazima waulize.

Viboko. Najua ndo mnachosubiri. Mchana wanakaa kwenye maji marefu, usiku wanatoka kula majani, kwa hiyo usipige turubai pale unapoona ukingo umekatika kama njia ya ng'ombe, hiyo ni barabara yao na mwenyewe akirudi alfajiri hakwepi. Mzee wetu kila tukikaribia kona alikua anagonga ubavu wa mtumbwi na upondo, ko ko ko, kama mtu anabisha hodi, anasubiri, vikitokea vichwa anahesabu kwanza ndo tunapita upande wa maji mafupi. Siku ya pili akahesabu vinne akagoma kupita. Tukauliza kwa nini, akasema jana yake walikua watano. Tulikaa pale kama saa nzima jua la saa saba linatuchoma mpaka wa tano akaibuka, na aliibuka hapo hapo ambapo mimi ningepita. Sijabishana naye tena mpaka mwisho wa safari. Mamba nao, hakuna kuchuchumaa ukingoni kuosha sufuria, chota na ndoo yenye kamba. Na mabwawa ya pembeni yaliyotulia yana kichocho, yasikuvutie kuogelea. Beba chandarua kizima, dawa ya mseto, jaketi la kuokolea la kila mtu hata mkicheka, simu muifunge ndani ya nailoni mbili.

Kitu kilichoniuma ni mahame. Baba mdogo alikua na orodha ya vitongoji vya ndugu upande wa bondeni, tukawa tunashuka tunatafuta, hamna kitu, majani tu. Mwishoni mwa miaka ya 60 serikali iliwahamisha watu wa bondeni kuwapandisha juu kwenye vijiji, na hizo nyumba zilikua za miti na udongo, zimeshaondoka zamani. Mzee wa upondo akatuambia acheni kutafuta nyumba, tafuteni miembe. Na kweli, unaona pori, katikati miembe mikubwa minne mitano imesimama kwa mpangilio, hapo palikua kwa mtu. Kwenye mmoja tulikuta jiwe la kunolea visu limemezwa nusu na mzizi. Baba mdogo akalishika shika weee, akakaa chini kivulini akawa haongei, nikamuacha. Kwa hiyo ushauri, wekeni siku moja ya ziada kwa ajili ya miembe, sisi hatukuiweka na ndo kilichotuponza mbele.

Maana pale tulipoteza nusu siku, na mimi kwa kufidia nikalazimisha tuingie mikokoni jioni hiyo hiyo. Tulikua tumeshapita chini ya daraja la Mkapa kule Ndundu, tunaenda vizuri, maji yanatusukuma, nikawa najiona nahodha. Mzee akauliza mara mbili, "mnataka leo kweli?" Nikamuonyesha ramani yangu yenye laminesheni. Akaiangalia, akairudisha kwa heshima zote.

Tumeingia kijito cha pili, saa mbili usiku, maji yakaanza kuondoka. Sio kupungua, kuondoka. Mwezi ulikua mpevu, bamvua lenyewe, na bamvua maji yakijaa yanajaa kweli na yakikupwa yanakausha kila kitu. Mtumbwi ukakaa juu ya tope, ukalala ubavu, sisi ndani. Kushuka huwezi, unazama mpaka mapajani. Kaa wanatembea chini wanatoa sauti kama mtu anatafuna bisi, mbu ndo usiseme. Mzee akachomeka upondo kwenye tope, akamulika tochi pale alama ya unyevu ilipoishia, akasema "saa saba, saa nane hivi yatarudi," akajifunika kitenge akalala.

Baba mdogo ndo akauliza gizani, pole pole, "hivi mama aliposema maji matatu..." Tukanyamaza wote. Maji matatu, yaani maji kupwa mara tatu. Unashuka na maji yanayotoka, yakigeuka kujaa yanakurudisha ulikotoka hata upige kafi namna gani, kwa hiyo unafunga chombo kwenye mkoko unapika unasubiri, yakitoka tena unaendelea. Bibi alitupa ratiba kamili na sisi tukaifanya jiografia.

Kwa hiyo ukifika mikokoni sahau kilomita. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, nusu mwezi ni maji mafu na hayo ndo mazuri kwa mgeni. Jedwali la maji la bandari ya Dar linasaidia kupangia tarehe, ila huko ndani yanafika kwa kuchelewa, masaa muachie mwenyeji. Na maji ya kunywa jazeni madumu mapema, mikoko ya kwanza ikionekana mbali. Sisi tulikuja kukumbuka baada ya kuchovya kidole na kuonja chumvi, tukaishia kunywa nusu kikombe kila mtu mpaka kesho yake.

Kipande cha baharini hatukufanya. Mtumbwi sio chombo cha bahari na babu mwenyewe alipanda jahazi, kwa hiyo mtu asije akakudanganya kwamba ukifika Nyamisati unaendelea tu mpaka Magogoni. Sisi tulipanda basi mpaka Rangi Tatu, na mzee alitupa upondo wake wa zamani tumpelekee bibi, konda akadai elfu tano ya mzigo, baba mdogo akagoma, wakabishana mpaka Mkuranga.

Bibi aliupokea, akaupitisha mkono juu mpaka chini, swali lake likawa moja, "mliingia na maji gani?" Nikamwambia ya usiku, bamvua. Akasema basi mlilala topeni, akaniambia nimwekee upondo nyuma ya mlango.