Jino la utoto lina kazi yake, msikubali ling'olewe ovyo

Wazazi wenzangu, hili nalisema kila nikipata nafasi kwa sababu naona bado watu wanalidharau. Mtoto jino linaoza, halali usiku, na mtu mzima na akili zake anakwambia liache tu hilo la utoto, litatoka litaota jengine. Litaota kweli, ila litaota wapi?

Binti yangu mkubwa yuko sekondari sasa na kinywani ana waya za kunyoosha meno. Alipokuwa na miaka 5 gego lake la mwisho la chini lilioza mpaka shavu likavimba, tukampeleka kituo kimoja hapa mjini wakaling'oa, tukapewa dawa ya maumivu tukarudi zetu nyumbani. Hakuna alotwambia kwamba gego lile lilitakiwa likae mpaka afike miaka 10 au 11, wala kwamba likitoka mapema namna ile kuna kijiwaya kinafungwa kwenye jino la jirani ili nafasi isizibe. Alipofika miaka 6 likaota gego la ukubwani kwa nyuma, na kwa vile mbele yake pana uwazi likawa linasogea kidogo kidogo, ni kama kiti cha daladala, ukinyanyuka tu mwenzako keshakaa. Sasa lile jino la ukubwani lililokuwa ndani ya fizi linangojea zamu yake, siku yake ilipofika halina pa kupita, likatokea upande wa ulimi na mengine ya mbele yakaanza kupandana. Haya yote nimekuja kuelezwa na daktari wa meno miaka mingi baadae, kanionesha kwenye picha ya eksirei.

Kwa hiyo ukiambiwa jino la mwanao ling'olewe, uliza kwanza. Haliwezi kuzibwa? Mzizi hauwezi kusafishwa likabaki? Na kama hapana budi litoke, mtamwekea kitu cha kushika nafasi? Usione haya, daktari mzuri anajibu bila kukasirika. Kuna wakati kung'oa ndo salama zaidi, hasa kama usaha umeshajaa, lakini ujue kinachofuata.

Na kuna jambo wengi hawalijui, lile gego la miaka 6 linaota nyuma kabisa ya meno yote ya utoto, hakuna jino linalotoka kulipisha, ndo maana watu wanadhani na lenyewe la utoto. Meno ya utoto ni 20 tu, 10 juu na 10 chini. Ukihesabu kuanzia katikati mbele kwenda nyuma ukakuta la sita upande mmoja, hilo ni la maisha, likioza halina mbadala. Nishawahi kumsikia mama anamwambia daktari "ng'oa tu, la utoto hilo" na mtoto ana miaka 8, daktari akamkatalia, alhamdulillah.

Tuje kwenye kinachoozesha, maana huku kwetu sababu kubwa naiona ni chupa. Mtoto analazwa na chupa ya maziwa yenye sukari, au uji mtamu, au juisi, anainyonya mpaka usingizi unamchukua nayo mdomoni. Usiku mate yanapungua, na mate ndo yanayosafisha kinywa, basi ile sukari inakaa juu ya meno ya mbele ya juu mpaka asubuhi. Chukua mwanao mchana kweupe, mnyanyue mdomo wa juu uangalie karibu na fizi. Ukiona mstari mweupe kama chokaa, hapo jino limeanza kuliwa lakini bado linaweza kuokolewa, usingoje liwe la kahawia. Chupa ya kulalia itoe, kama hawezi basi mtilie maji tu. Ubuyu, kashata, pipi za Iddi, simkatazi mtoto, ila ale mara moja amalize kuliko kushinda nao kutwa nzima, kwa sababu kinachoumiza zaidi ni ile kurudia rudia kuliko wingi wake.

Brashi ianze siku jino la kwanza linapotokeza. Dawa ya meno iwe na fluoraidi, madini yanayokaza jino, mpaka miaka 3 kiasi cha punje ya mchele, kuanzia 3 mpaka 6 kiasi cha mbaazi moja. Mswaki wa mti ni sunna na nyumbani tunautumia, lakini mtoto wa miaka 2 hataufikisha kwenye magego, kwa hiyo usiku mzazi mwenyewe ashike brashi ampigishe mswaki, na aendelee hivyo mpaka miaka 7 au 8 mkono wa mtoto utulie.

Kwa wachanga nina maneno machache. Mdogo wangu yuko Wete, Pemba, mwanawe alikuwa na utando mweupe kwenye ulimi na mashavu kwa ndani, bi mkubwa mmoja wa jirani, kwa mapenzi tu, akataka kumpaka asali. Asali msimpe mtoto ambae hajatimiza mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu na utumbo wake bado hauna nguvu ya kuvizuia. Utando ukiufuta kwa kitambaa laini ukatoka wote, hayo ni maziwa. Ukigoma, au ukitoka ukaacha wekundu na damu, ni fangasi, mpeleke kituo cha afya apewe dawa ya matone, na mama nae aoneshe matiti yake kwa sababu mnaweza mkawa mnaambukizana nyinyi kwa nyinyi ikawa hauishi.

Kuota meno kunaleta mate, kutafuna tafuna na kulialia. Hakuleti homa ya nyuzi 38 na kupanda, wala kuharisha kwa kwenda mbio. Ukimwona hivyo msiseme ni meno, akiharisha mpeni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na zinki, na mumpeleke spitali. Na hapa ndo panaponiumiza roho hasa, lile jambo la meno ya plastiki. Mtoto anaharisha, anakuja mtu anamfungua kinywa anaona fizi imevimba nyeupe pahala pa chonge, anasema haya ndo yanayomuumiza, anayachokoa kwa kisu au sindano. Jamani hayo ni machonge ya kawaida hayajatoka bado, kila mtoto anayo. Akichokolewa anavuja damu mtoto ambae kashakauka maji, anaweza kupata pepopunda na sumu kwenye damu, na hata akipona, chonge za ukubwani zinaweza kuota mbovu au zisiote kabisa kwa sababu mbegu yake imeguswa pale pale. Jambo hili limezoeleka zaidi bara lakini maneno yanavuka bahari. Mtu yoyote akikwambia hivyo mchukue mwanao uondoke, hata kama ni mzee unaemheshimu.

Na mtoto akianza kuota meno ya juu asiitwe kigego akatiwa kasoro, hayana maana yoyote hayo, meno tu hayo yametangulia.

Sasa waya. Wazazi wengi wanakimbilia kwa sababu ya mwanya, mtoto ana miaka 8 meno ya mbele yameachana. Subirini, mara nyingi mwanya ule unaziba wenyewe chonge za juu zikishuka, miaka 11 au 12 hivi. Pia jino jipya la chini likiota nyuma ya la utoto msiingie hofu, la utoto likishaachia ulimi wenyewe unalisukuma mbele. Cha kuwahi kuonesha ni haya: meno ya chini yanapita mbele ya yale ya juu, au taya linakwenda upande mtoto akiuma, au meno ya mbele hayakutani kwa sababu bado ananyonya kidole na keshaingia skuli. Hayo akiwa na miaka 7 aonekane, mifupa bado inafuata. Anzeni spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwenye kitengo cha meno wakupeni ushauri kabla hamjaenda kwa watu binafsi.

Kabla ya kukubali bei piga hesabu ya safari, kwa sababu waya zinakazwa kila baada ya wiki 4 mpaka 8, na kawaida ni mwaka na nusu mpaka miaka 2 au zaidi. Mtu wa Pemba akifungiwa Dar, hiyo ni boti kila mara, na mtoto akikosa miadi meno yanasimama pale pale au yanakwenda kusikotakiwa. Bora daktari unaemfikia kila mwezi kuliko yule alosifiwa sana yuko mbali. Mua, bisi na mifupa ya kuku aviweke pembeni mpaka amalize.

Na zikifunguliwa kazi haijesha, kuna riteina ya kuvaa, kifaa cha kushika meno pahala pake, mwanzo kutwa kisha usiku, bila hivyo meno yanarudi yalikotoka. Uliza bei yake siku ile ile ya mwanzo, pengine haimo kwenye ile bei ya waya.