Mashine ya kukata kwa maji: kabla hujaongeza presha, fungua kichwa ukitazame

Mkato ukianza kuharibika, yaani kingo zina mistari, upande wa chini haujaachana, na kazi ya jana inachukua muda mara mbili leo, mkono wa fundi hukimbilia presha. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Presha ikipanda, sili za pampu zinaisha mapema na mabomba yanachoka, lakini mkato unabaki vilevile kwa sababu kasoro haikuwa kwenye pampu. Mara nyingi imo kichwani, yaani kwenye sentimita 15 za mwisho za safari ya maji: kito, chumba cha kuchanganyia, mrija, na mchanga unaoingia pale.

Jina lenyewe linapotosha. Maji matupu, hata yakiwa na presha ya bar 4,000, ni ya kukatia sponji, mpira, karatasi na vyakula vilivyogandishwa. Kwenye bamba la chuma hayafiki mbali. Kinachokata chuma, jiwe na kioo ni mchanga. Maji ni gari linaloubeba. Kukata kwa maji matupu kulikuwepo miaka mingi kabla ya mhandisi Mohamed Hashish, aliyekuwa na kampuni ya Flow nchini Marekani, kuanza mwaka 1979 kutafiti namna ya kuongeza makali ya maji hayo. Jibu likawa mchanga, na tangu hapo matatizo mengi ya mashine hizi ni matatizo ya mchanga.

Tufuate maji kuanzia nyuma. Kwenye pampu ya kawaida, mafuta ya haidroliki yenye presha ya bar 200 yanasukuma pistoni pana. Pistoni hiyo imeunganishwa na nyingine nyembamba ambayo uso wake ni moja ya ishirini tu. Nguvu ni ileile, eneo limepungua mara 20, basi maji yanatoka na bar 4,000. Tairi la gari dogo lina bar 2 na ushee. Kwa presha ya namna hiyo hata maji, ambayo shuleni tuliambiwa hayabanwi, yanabanwa kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo kila pistoni inapogeuza mwendo kuna sehemu ya safari inayokwenda bure kuyabana. Ndiyo maana kati ya pampu na kichwa pamewekwa silinda yenye kuta nene inayohifadhi maji na kuzima mshtuko huo. Isipofanya kazi, utauona mdundo wa pampu kwenye mkato wenyewe: mistari iliyopishana kwa umbali sawasawa.

Maji yakifika kichwani yanapita kwenye kito, kijiwe cha yakuti au almasi chenye tundu la milimita 0.35 hivi. Yanatoka kama uzi mwembamba wenye kasi ya takriban mita 850 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti. Kiasi cha maji si kikubwa, hakifiki lita 4 kwa dakika. Uzi huo ukikatiza chumba cha kuchanganyia unavuta hewa, na hewa inakuja na mchanga. Kisha vyote vinaingia kwenye mrija wa kabaidi ya tungsteni wenye urefu wa milimita 75 hadi 100 na tundu la milimita 1 hivi. Urefu huo si wa mapambo. Punje zinaingia karibu zimesimama, na ni ndani ya mrija ndipo zinaposhika kasi. Mrija ni mtutu wa bunduki.

Kigumu si lazima kiwe kizito kukata

Hapa wengi hukosea wanapokadiria muda wa kazi. Ukiwa na bamba mbili za unene mmoja, moja ya chuma laini na nyingine ya chuma kilichogumishwa kwa moto, kwenye msumeno tofauti yake ni usiku na mchana. Kwenye maji tofauti ni ndogo mno, kwa kuwa punje za ganeti, madini ambayo ndiyo mchanga wa mashine hizi, ni ngumu kuliko zote mbili. Titani, inayosumbua sana kwenye mashine za kuchonga, hukatika haraka kidogo kuliko chuma. Aluminiamu huenda kwa zaidi ya mara mbili ya mwendo wa chuma. Kioo, kilicho kigumu kuliko aluminiamu, kinaishinda aluminiamu kwa mbali.

Sababu ni namna kitu kinavyomeguka. Kwenye metali, kila punje inakwangua kinyweleo cha chuma na kukisukuma pembeni hadi kikatike. Kwenye kioo na mawe, punje inapasua. Nyufa ndogo zinakutana na kipande kinadondoka. Kitu kinachopasuka kirahisi hukatika haraka hata kama ni kigumu. Ugumu unaanza kuuma pale tu unapoizidi ganeti yenyewe kwa mbali, kama kwenye seramiki ya alumina, kabaidi ya silikoni au ya boroni. Hapo mwendo unashuka sana, na kubadilisha ganeti kwa mchanga mgumu zaidi kama oksidi ya aluminiamu kunakula mrija kwa kasi ya kutisha. Kwa kazi nyingi za namna hiyo ni nafuu kubaki na ganeti na kukubali polepole.

Kito na mrija

Anza na kito. Toa mrija, zima mchanga, ondoka karibu na kichwa, kisha fungulia maji kwa presha ndogo huku ukitazama kwa mbali ukiwa na miwani ya kinga. Kito kizima kinatoa uzi unaong'aa kama fimbo ya kioo, umenyooka, kingo zake safi. Kito kilichomeguka au chenye chumvi kinatoa uzi mweupe wenye manyoya, au unaoelemea upande mmoja. Usishawishike kuutumia "mpaka kazi hii iishe". Uzi uliopinda unagonga ukuta wa mrija na kuuchimba upande mmoja, nawe utakuwa umepoteza mrija mzima kwa kuokoa kijiwe cha bei ndogo. Ukiendelea zaidi, chumba chenyewe kinatoboka.

Kito cha yakuti huhesabiwa kwa makumi ya saa za kazi, cha almasi kwa mamia. Lakini tofauti hiyo haina maana kama bomba ni chafu. Kipande cha sili kisichoonekana kwa macho, kikisukumwa na bar 4,000, kinamegua yakuti na almasi bila ubaguzi. Kwa hiyo kila ukibadilisha sili, vali au bomba lolote la presha kubwa, toa kito, fungulia maji ya presha ndogo kwa dakika mbili tatu yasafishe njia, ndipo urudishe. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, halafu lawama anabebeshwa muuza vito.

Mrija unachakaa hata ukitunzwa vizuri. Saa 80 hadi 100 ni umri wa kawaida. Geuza ncha yake juu na uitazame kwa lenzi. Tundu likiwa bado duara lakini limepanuka, mkato utakuwa mpana kuliko programu inavyojua, na vipande vitatoka vidogo. Rekebisha kipimo cha upana wa mkato na uendelee kwa muda. Tundu likiwa limekuwa yai, hakuna marekebisho: ukikata kwenda kaskazini upana ni mmoja, ukienda mashariki ni mwingine. Tupa. Ukiwa na seti ya pini za kupimia, andika kipimo cha tundu kila asubuhi kwenye daftari. Baada ya mirija mitatu utajua umri wake kwenye mashine yako bila kubahatisha.

Angalia pia uwiano. Tundu la mrija liwe takriban mara tatu ya tundu la kito: kito cha 0.25 kwa mrija wa 0.76, kito cha 0.35 kwa mrija wa milimita 1. Ukiweka kito kikubwa kwenye mrija mwembamba, uvutaji wa hewa unapungua na mchanga unakwama.

Mchanga: pima, usikisie

Ganeti ya namba 80, yenye punje za milimita 0.2 hivi, ndiyo ya kazi nyingi. Kiasi ni kati ya gramu 300 na 600 kwa dakika kutegemea ukubwa wa kito. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye skrini ya mashine. Chomoa mpira unaoleta mchanga kichwani, maji yakiwa yamezimwa, achia mchanga uingie kwenye kopo kwa sekunde 60, kisha upime kwa mizani. Rudia mara tatu. Kama namba zinapishana kwa zaidi ya gramu 20 au 30, kuna unyevu au uchafu kwenye njia, na mkato hauwezi kuwa sawa hata ukiomba.

Mchanga mwingi si dawa. Maji yana nguvu ya kiasi fulani tu. Ukipita kiwango, punje zinagongana zenyewe kwa zenyewe, kila moja inapata kasi ndogo zaidi, na unalipia mchanga unaoishia kwenye tangi. Ongeza kwa gramu 50, kata kipande cha majaribio, na usimame pale mwendo usipoongezeka tena.

Adui mkubwa ni maji yanayorudi nyuma. Ncha ya mrija ikiziba kwa chembe tu, maji yanakosa pa kutokea na kupanda kwenye mpira wa mchanga. Dakika moja baadaye una tope, na tope hilo likikauka ni kama saruji. Mpira uliolowa usiukaushe kwa kuupuliza na kuurudisha. Weka mwingine mkavu, wa kwanza uoshe na kuuanika. Kuzuia ni suala la mpangilio: mwisho wa kila mkato mchanga ufungwe kwanza, maji yafuate sekunde moja au mbili baadaye ili yaoshe mrija.

Kutoboa

Vioo na mawe mengi huvunjika wakati wa kutoboa. Mkato wenyewe si tatizo. Kama maji yanafika kwa presha kamili kabla ya mchanga, yanapiga kioo kama nyundo. Teremsha presha hadi bar 700 hadi 1,000, hakikisha mchanga umeshaanza kutoka, toboa, ndipo upandishe presha. Tatizo ni kwamba kwa presha ndogo uzi hauvuti mchanga vya kutosha, hivyo mashine za kazi hii huwa na pampu ndogo ya kufyonza inayosaidia. Bila hiyo, toboa tundu la kuanzia kwa keekee, au anza mkato nje ya kioo.

Nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi zina balaa lake: maji yakikosa pa kutokea yanapenya kati ya tabaka na kuzibandua. Dawa ni ileile. Kioo kilichotiwa nguvu kwa joto kisikatwe kabisa. Kitageuka kokoto mbele yako. Kikatwe kwanza, kisha kipelekwe tanuru.

Mwendo na kingo

Acha milimita 2 kati ya ncha ya mrija na bamba. Umbali ukizidi, uzi unatanuka na ukingo wa juu unamomonyoka. Ndani ya bamba, uzi haubaki wima: upande wa chini unachelewa nyuma ya upande wa juu, kama mkia. Ukikimbia, mkia unakuwa mrefu, mistari inaonekana chini, na mkato unakuwa mpana juu na mwembamba chini. Ukipunguza mwendo vyote vinatulia. Kwenye kona lazima upunguze, la sivyo mkia unakata kona mahali pasipo pake. Kumbuka pia kwamba unene ukiongezeka maradufu, muda unaongezeka zaidi ya maradufu.

Ukishajiridhisha na kichwa, rudi kwenye pampu

Tazama safari za pistoni. Kwenda na kurudi zinatakiwa zichukue muda sawa. Upande mmoja ukikimbia, upande huo unavuja, ama kwenye sili ama kwenye vali ya kuzuia maji yasirudi. Sehemu inayovuja hupata joto, kwa hiyo kipimajoto cha kupimia kwa mbali kitakuonyesha ni ipi. Viungo vya presha kubwa vina vitundu vidogo vya makusudi. Tone likionekana hapo ni taarifa kwamba muungano umeshindwa. Usikizibe kitundu, na usikaze kiungo kikiwa na presha. Zima, achia presha yote, ndipo ushike spana.

Maji yanayoingia yachujwe hadi maikroni 1 au chini yake, yawe ya baridi, na chumvi zake zipunguzwe. Zisiondolewe zote: maji yaliyosafishwa kupita kiasi yanakula metali ya pampu.

Jeraha la uzi huu wa maji linadanganya. Kwenye ngozi panaonekana tundu dogo, damu kidogo, na maumivu ya mwanzo yanaweza kuwa madogo, lakini ndani maji na mchanga vimesambaa kwenye nyama na mishipa. Usisubiri mkono uvimbe. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe kwa maneno wazi: maji ya presha kubwa yenye mchanga, bar ngapi, saa ngapi. Andikeni maelezo hayo kwenye kadi ibandikwe kando ya mashine, maana anayempeleka mgonjwa mara nyingi si fundi.