Migando ya JVM: pima kila mmoja, usitosheke na jumla

Dashibodi nyingi za JVM (mashine inayoendesha programu za Java) huonyesha mstari mmoja tu, `rate(jvm_gc_collection_seconds_sum[5m])`. Ukisoma 0.02, asilimia 2 ya muda imekwenda kwenye kukusanya taka (GC, kusafisha kumbukumbu isiyotumika tena), yaani sekunde 1.2 kwa dakika. Sekunde hizo zaweza kuwa migando (vipindi ambavyo programu husimama) 120 ya milisekunde 10 ambayo hakuna mteja atakayeihisi. Zaweza pia kuwa mgando mmoja wa sekunde 1.2, mtu ameshabonyeza "lipa" na skrini haisogei. Jumla ni ileile, na ndiyo maana jumla peke yake haitoshi. Toa histogramu, yaani hesabu ya migando iliyogawanywa kwa urefu wake.

Kwenye Spring Boot yenye Micrometer (maktaba ya vipimo), mstari mmoja wa mipangilio unatosha:

`management.metrics.distribution.percentiles-histogram.jvm.gc.pause=true`

Baada ya hapo Prometheus (mfumo unaokusanya vipimo) itapata `jvm_gc_pause_seconds_bucket`. Ukiwa na seva kadhaa, jumlisha kwanza ndoo za histogramu kwa `sum by (le)`, ndipo uitafute asilimia ya 99 (urefu ambao migando 99 kati ya 100 haiuzidi). Usichukue asilimia ya 99 ya kila seva ukazigawa kupata wastani. Namba itakayotoka haina maana yoyote.

Kabla ya kuamini namba, tazama lebo ya `gc` kwenye `jvm_gc_collection_seconds`. Ukitumia ZGC (mmoja wa wakusanyaji taka wa Java) utaona majina yanayoishia kwa `Cycles` na mengine kwa `Pauses`. Yanayoishia kwa `Cycles` hupima mzunguko mzima, ambao sehemu yake kubwa hufanyika programu ikiendelea na kazi. Ukiweka tahadhari juu yake, utaamshwa usiku bure. G1, mkusanyaji mwingine, ina kasoro ya upande wa pili: kabla ya Java 20, migando ya Remark na Cleanup haikuhesabiwa kwenye `G1 Young Generation` wala `G1 Old Generation`. Kipimo cha `G1 Concurrent GC` kilipoongezwa ndipo ikaonekana. Kwa hiyo kwenye Java 17 grafu yaweza kuwa shwari huku programu ikiganda kweli.

Tena, taarifa za `GcInfo` (ambazo Java hutoa kuhusu kila ukusanyaji) huhesabu kwa milisekunde nzima. Mgando wa ZGC ulio chini ya milisekunde 1 mara nyingi utaandikwa sifuri. Hapo tumia JFR (kinasa matukio cha Java), ambayo tangu Java 14 inaweza kusomwa moja kwa moja ndani ya programu:

`var rs = new RecordingStream();`
`rs.enable("jdk.GCPhasePause").withoutThreshold();`
`rs.onEvent("jdk.GCPhasePause", e -> histogramu.observe(e.getDuration().toNanos() / 1e9));`
`rs.startAsync();`

Hadi hapa tumepima taka tu, na si kila mgando unatokana na taka. Kuchukua picha ya nyuzi zote kwa `jstack` husimamisha programu, na kumwaga kumbukumbu yote kwenye faili vilevile. Washa logi hii bila kusita, gharama yake ni ndogo:

`-Xlog:gc*,safepoint:file=/var/log/app/gc.log:time,uptime,tags:filecount=10,filesize=20M`

Kuanzia Java 13, kila mstari wa safepoint (hali ambayo nyuzi zote za programu zimesimamishwa) una `Reaching safepoint` na `At safepoint`, kwa nanosekunde. Zitenganishe unapozichora. Ya pili ikiwa kubwa, kazi yenyewe ni nzito. Ya kwanza ikiwa kubwa, kuna uzi uliochelewa kusimama na wengine wote wanausubiri: pengine uko kwenye kitanzi kirefu kisicho na mahali pa kukagua, pengine umekwama ukisoma faili la mmap (lililounganishwa kwenye kumbukumbu) kwenye diski iliyolemewa. Kubadilisha ukubwa wa hipu (kumbukumbu ya programu) hakutasaidia kitu hapo.

Kwenye logi hiyohiyo tafuta mstari wa aina hii:

`User=0.05s Sys=0.00s Real=0.90s`

Nyuzi za GC hufanya kazi kwa pamoja, hivyo kwa kawaida Real huwa ndogo kuliko User. Hapa prosesa imefanya kazi sekunde 0.05 tu, muda uliobaki ni kungoja. Angalia swap (kumbukumbu iliyohamishiwa diski), kisha `nr_throttled` ndani ya `/sys/fs/cgroup/cpu.stat`. Mara nyingi konteina imebanwa mgao wa CPU, na GC inalaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Usisahau kwamba anwani ya vipimo, ile inayosomwa na Prometheus, iko ndani ya JVM ileile, nayo huganda pamoja nayo. Prometheus husubiri jibu sekunde 10 kama hukubadilisha kitu. Mgando wa sekunde 12 unaweza kuonekana kama pengo kwenye grafu. Kaunta zitajazia programu ikiamka, ila mgando ukiwa mrefu zaidi Kubernetes yaweza kuiua kabla: ukaguzi wa uhai usiporekebishwa husubiri sekunde 1 tu, na ukishindwa mara 3 mfululizo konteina huanzishwa upya. Kwa hiyo saraka ya `gc.log` iweke kwenye volyumu isiyofutika konteina ikifa, na tahadhari ya `up == 0` (Prometheus imeshindwa kusoma vipimo) iwe jirani na ile ya migando.